Nguo imetoka kambani na makunyanzi? Icheki kwanza kabla hujawasha pasi

Kama unaishi Dodoma na kila asubuhi shati moja linakula dakika kumi na tano za pasi, mara nyingi shida haiko kwenye pasi. Mimi nimekaa Tanga miaka mingi kabla ya kuhamia huku kikazi, na nguo zangu zilezile, sabuni ileile, pasi ileile, zikaanza kutoka kambani zimekakamaa na makunyanzi ambayo kule sikuwahi kuyaona. Nimekuja kuelewa taratibu kwamba ni hewa. Tanga hewa ina unyevu, shati linakauka polepole, na hata likiwa na mikunjo ukilitundika usiku kucha asubuhi unakuta limelegea lenyewe. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni kama hakuna, upepo unapiga kutwa, shati la pamba unalianika saa nne asubuhi na saa tano limeshakauka. Na likishakauka linabaki na umbo lilelile lililokua nalo wakati linapanda kambani.

Pamba iko hivi: nyuzi zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe, maji yakiingia yanazilegeza zinakua huru kusogea, maji yakitoka zinashikana upya palepale zilipofikia. Mkunjo ni hicho tu, nyuzi zimekaukia pabaya. Polista ni tabia nyingine kabisa, maji hayaisumbui, inasumbuliwa na joto, ikipata joto kali inalainika na ikipoa inashika umbo iliyopoa nalo. Ukiyajua haya mawili, nguo yenyewe itakwambia shida ilianzia wapi. Itandaze kitandani uangalie mikunjo imekaaje.

Mistari imelala upande, kama ya kamba iliyosokotwa

Hii ndo naiona zaidi, hasa mashati ya mikono mirefu na suruali za kadeti, mistari inazunguka mkono au mguu. Chanzo ni kukamua kwa kusokota. Wengi tumelelewa hivo, shika huku, mwenzio ashike kule, sokota mpaka tone la mwisho, na kwa shuka au taulo sawa tu, ila shati la ofisini ukilisokota hivo unalichora mistari na jua la hapa linaikausha hapohapo.

Shati ukilitoa kwenye maji ya mwisho likunje mara mbili, libonyeze kwa viganja kwenye ukuta wa beseni maji yatoke, imetosha. Litakua bado linachuruzika na tunataka lichuruzike, uzito wa maji ndo unavuta kitambaa chini na kukinyoosha kikiwa kambani, na kwa hewa hii huna sababu ya kuogopa kwamba halitakauka. Miezi ya mvua, Januari Februari hivi, ambapo nguo zinachelewa, tandaza taulo kavu, weka shati juu, viringisha pamoja, bonyeza kwa magoti. Taulo linakunywa maji na shati halijasokotwa hata kidogo.

Makunyanzi madogo madogo nguo nzima

Hapa nguo ilikaa imerundikana ikiwa na maji. Umefua, umesuuza, umeweka kwenye ndoo, ukaenda kupika au simu ikaita, umerudi baada ya nusu saa ukaanika kama ilivyo. Wenye mashine za kufulia wanalipata sana hili, mashine imejazwa mpaka mlangoni, imemaliza kuzungusha saa mbili usiku, nguo zinatolewa asubuhi. Mashine ijaze robo tatu tu mkono wako uweze kuingia juu ya nguo, na ikimaliza toa muda uleule.

Ila hata aliyefua kwa mkono na kuanika kwa wakati anaweza kupata makunyanzi haya kama hakukung'uta. Hili nilionyeshwa na mama mmoja pale Chang'ombe anayefulia watu, mama mtu mzima wa Kigogo, nilimpelekea nguo wiki niliyokua na kazi nyingi. Nilimkuta anaanika. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba huku hajageuka, mikono iko kazini. Akachomoa shati moja jeupe kwenye beseni, akalishika mabegani, akalipiga hewani mara tatu, pa, pa, pa, mpaka matone yakanifikia mimi nilikosimama. Alafu hakulitupa kambani kama mimi ninavyofanyaga. Alilishika kola kwa ncha zote mbili akaivuta ikakaza, akashuka kwenye ule upande wa vifungo akauvuta juu na chini kama mtu anayenyoosha uzi, akafika mfukoni akaupiga kwa kiganja ukalala, mwisho mishono ya mbavuni, kulia na kushoto. Hata dakika moja haikuisha. Nikamuuliza mama, mbona unajichosha hivo na pasi ipo? Akasema, "Mwanangu, jua la hapa halikusubiri, linyooshe sasa hivi likiwa na maji."

Tangu siku hiyo mashati yangu mengi napiga pasi kola na sehemu ya vifungo tu, kwingine kumeshanyooka. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye maelezo yangu yote chukua hicho cha kuvuta mishono. Mishono ndo inasinyaa kwanza, uzi wa kushonea na kitambaa havirudi sawa vikilowa, na mshono ukikauka umesinyaa unavuta kitambaa cha pembeni yake nacho kinakunjamana.

Mstari mmoja umepita katikati, au mabega yana nundu

Mstari ni wa kamba, nundu ni za vibanio au za henga nyembamba ya waya. Shati lianike kichwa chini, bana kwenye pindo la chini, alama ya kibanio ikitokea inaingia ndani ya suruali ukichomekea. Suruali nayo igeuze, bana miguu juu kiuno kining'inie, kiuno ndo kizito kwa hiyo kinavuta miguu chini. Tisheti ambayo haichomekewi pitisha kamba kwapani, ukiikunjia kifuani mstari utakaa kifuani. Sweta lilaze bapa juu ya taulo, ukilitundika lina maji linarefuka.

Kwa mashati ambayo huna mpango wa kuyapiga pasi, yatundike kwenye henga nene ya plastiki, funga kifungo cha juu na cha katikati, tundika henga kambani na uibane na kibanio, maana upepo wa hapa hauna utani, unaweza ukakuta shati kwa jirani.

Nguo imekauka kama karatasi, ukiikunja inalia

Sababu ni mbili na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni jua la moja kwa moja na nguo kuachwa kambani mpaka jioni. Anika kivulini, chini ya paa la baraza au chini ya mti kama unao, upepo peke yake unatosha kukausha na huku unaitikisa nguo. Alafu wahi kuanua, hili watu hawalifanyi kabisa. Anua ikiwa bado na unyevu kidogo, ukiishika mshono wa kola unahisi ubaridi, muda huo ikunje au ipige pasi. Ikishakauka kau itabidi uiloweshe upya.

Sababu ya pili ni maji. Mji huu unategemea sana visima, bonde la Makutupora ndo limeubeba kwa miaka mingi, na maji ya kisima sehemu nyingi huku ni magumu, unaona mwenyewe sabuni inagoma kutoa povu na birika linajaa ukoko mweupe ndani. Maji magumu yakikutana na sabuni, hasa ya mche, yanaacha utando unaobaki kwenye nyuzi, kitambaa kinakakamaa, na kitambaa kilichokakamaa kinashika mkunjo vibaya sana na pasi inakua haitelezi. Sabuni ya unga inastahimili maji haya vizuri zaidi kuliko ya mche. Kwenye maji ya mwisho ya kusuuza weka siki nyeupe, kikombe nusu kwa ndoo ya lita 20, loweka dakika tano, anika. Harufu inaisha nguo ikikauka. Na hapa naomba usikilize vizuri: siki usiichanganye na jiki hata mara moja, wala usiimimine kwenye beseni lililotoka kuwa na jiki bila kulisuuza, zikikutana zinatoa gesi ya klorini inayochoma kifua, na watu wengi tunafulia kwenye vyumba vya kuogea ambavyo hewa haipiti.

Kama una tangi la kukinga mvua, maji hayo weka kwa ajili ya kusuuzia nguo nyeupe na kwa pasi ya mvuke. Pasi ya mvuke ukiijaza maji ya kisima, chokaa inaziba matundu na siku moja inatema uchafu wa kahawia kwenye shati jeupe dakika tano kabla hujatoka.

Pasi inapita na kurudi, mkunjo upo palepale

Angalia vitu vitatu. Kitambaa ni kikavu mno, joto sio lake, au unapigia mahali palaini.

Ukavu ndo mkubwa, hasa Juni mpaka Oktoba. Pamba kavu unaweza kuisugua na pasi ya moto mpaka iungue na mkunjo ukabaki, nyuzi hazijaachia. Nyunyiza maji, na sio kunyunyiza ukapitisha pasi hapohapo, hapo umelowesha juu tu. Jioni nyunyizia mashati yote ya wiki kwa chupa ya spreya, kila moja liviringishe, yaweke yote kwenye mfuko wa plastiki, funga, acha robo saa mpaka nusu saa. Unyevu unasambaa mpaka ndani ya mishono. Ukianza kupiga pasi utaona linanyooka kwa kupitisha mara moja. Usiyaache mpaka kesho yake, yataota harufu.

Joto: kwenye pasi nyingi kuna nukta, moja ni kama nyuzi 110, mbili ni kama 150, tatu ni kama 200. Polista na nailoni nukta moja, sufu na vitambaa vya mchanganyiko nukta mbili, pamba na lineni tatu. Anza na za nukta moja ukipanda kwenda juu, pasi inapata moto haraka ila kupoa inachelewa, ndo hapo watu wanaunguza gauni kwa sababu wametoka kwenye jinzi. Suruali nyeusi za polista na sufu zinang'aa kwa kupigwa pasi upande wa nje, zigeuze ndani nje, au weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, na badala ya kusugua bonyeza uinue, bonyeza uinue. Kung'aa kukishakua kwingi hakurudi.

Na mahali. Wengi tunapigia kitandani juu ya godoro, godoro linabonyea, kitambaa kinazama na pasi inatengeneza mikunjo mipya huku unafuta ya zamani. Blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya meza ngumu, shuka la pamba juu yake. Kwenye kola anzia nchani kwenda katikati, ukianzia katikati kitambaa cha ziada kinasukumwa kwenye ncha na kinapata kijikunjo ambacho kila mtu atakayeongea na wewe atakiona.

Nyumbani limenyooka, nikifika kazini limekunjamana

Umelivaa la moto. Nguo iliyotoka kwenye pasi bado ina joto na unyevu, nyuzi bado hazijashikana, ukiivaa ukakaa kwenye daladala kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba, mgongo wako na kiti ndo vinakua pasi ya pili. Litundike kwenye henga dakika kumi kabla ya kuvaa. Mimi napiga usiku. Kama lazima asubuhi, piga kwanza alafu ndo uende kuoga.

Kwenye gari lilaze vizuri pindo la nyuma kabla ya kukaa, koti vua, mkanda wa siti usipite juu ya kitambaa kilichojikunja. Kwenye boda mbele ndo panaumia, mfungo wa begi unakandamiza kifua, begi litangulie mbele ya dereva au lishike mkononi. Ila ukweli ni kwamba pamba tupu na lineni zitajikunja tu ukikaa saa zima, ndo zilivyo. Kwa siku zenye kikao kirefu vaa mchanganyiko wa pamba na polista, angalia leba ya ndani, ikiwa polista ni theluthi mbili hivi inavumilia kutwa, ingawa mchana wa Oktoba utaisikia joto lake.

Ukiwa umeshafika na umejikunja, lowesha viganja kidogo, pitisha juu ya mkunjo huku mkono mwingine unavuta pindo chini, simama dirishani penye upepo dakika tano. Ukavu wa Dodoma hapa unakua upande wako.

Umeme umekatika na kesho asubuhi una safari

Hewa hii ina faida. Shati la mikunjo ya kawaida litundike, nyunyizia maji mpaka liwe na unyevu wote ila lisichuruzike, vuta mishono kama yule mama, acha penye upepo. Nusu saa unavaa. Ile ya kutundika bafuni wakati unaoga maji ya moto huku inafanya kazi kwa shida, chumba kikiwa na mwanya tu mvuke unapotea.

Kwa kola na sehemu ya vifungo, sufuria yenye kitako bapa, ifute nje masizi yote mpaka kitambaa cheupe kikitoka cheupe, weka maji yaliyochemka, shika kwa kitambaa, pitisha. Suruali ya kadeti ilaze chini ya godoro usiku, ina unyevu kidogo tu, mistari imepangwa sawa, gazeti au shuka juu na chini. Wanafunzi wa bweni wamevaa hivo miaka yote na inanyooka kweli. Pasi ya mkaa nayo nzuri, nzito, inashinda hata ya umeme kwenye pamba, ila washa na utumie nje au barazani, ndani ya chumba kilichofungwa ule moshi usioonekana unaua. Majivu yapulize upande mwingine kabla hujasogelea nguo nyeupe.

Mtumba umenyooka kila mahali isipokua mistari miwili mitatu sugu

Nguo ya balo imekaa imebanwa kwa miezi, mikunjo yake pasi peke yake haiiwezi. Ukitoka nayo Majengo au Sabasaba usiikimbize kwenye pasi, na ukiipiga pasi ikiwa na uchafu usiouona doa linaivia. Loweka maji ya uvuguvugu na sabuni saa moja, suuza, anika inachuruzika. Mstari ukibaki kwenye pamba weka kitambaa kilicholowa juu yake, pasi ya moto, bonyeza mpaka kitambaa kikauke, rudia. Kwenye polista ule mstari pengine umeshaingizwa na joto huko ulikotoka, jaribu mara mbili kwa joto dogo na kitambaa chenye unyevu, ukigoma muachie fundi akupunguzie au apitishe mshono hapo.

Kabatini nako usijaze. Mkono ukishindwa kupita katikati ya henga na henga, ulichopiga pasi Jumapili Jumatano utakirudia. Tisheti na jinzi ziviringishe, mashati na magauni tundika. Kwenye begi la safari vilevile, vizito chini, shati lizungushie nguo laini ndani yake lisipate kona kali, na ukishuka Dar au Dodoma kitu cha kwanza ni kulitoa.

Marinda ya sketi ya shule yamefumuka yote

Jumapili usiku ya wazazi wengi hii. Sketi za marinda, zile za bluu, nyingi ni polista au mchanganyiko, na rinda limewekwa kwa joto. Ukiifulia maji ya moto au ukaisokota, umelifumua mwenyewe. Fua kwa maji ya baridi, kabla ya kuanika ilaze mezani ikiwa imelowa, panga rinda moja moja kwa vidole ukifuata mstari wa zamani, alafu chukua sindano na uzi wa rangi tofauti, piga mishono mirefu ya kulegea kuzunguka sketi karibu na pindo ushike marinda yote. Itundike kwa kiuno. Ikikauka piga pasi nukta moja, kitambaa chenye unyevu juu, bonyeza uinue rinda kwa rinda, uzi ukiwa bado ndani. Usiukate sketi ikiwa ya moto. Iache itundikwe mpaka asubuhi, mtoto akishaamka ndo ukate uzi uuvute wote utoke, avae.